Kiwanja Dodoma: kabla ya bei, uliza atakayekulipa ni nani

Wanaoniandikia kuhusu viwanja vya Dodoma huanza na swali moja: "Dada, nina hela kidogo, ninunue wapi?" Nikiwauliza wanataka kukifanyia nini hicho kiwanja, wengi wanajibu "kuwekeza tu." Hapo ndipo huwa nawasimamisha. Kiwanja kilichokaa tu hakikuletei hata shilingi. Mtu ndiye anayelipa, ama mpangaji wa mwezi huu au mnunuzi wa miaka ijayo. Kama humjui huyo mtu ni nani, bado hujafika kwenye swali la wapi.

Nasema hivi kwa sababu ardhi ya hapa inauzwa kwa habari. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, bei zilianza kupanda hata kabla makarani hawajafungasha mafaili. Ukaja Mji wa Serikali Mtumba, na kila shamba la upande ule likawa "Mtumba, karibu na wizara." Uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya nje yenye kilomita 112.3, treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024: yote haya ni ya kweli, na dalali anayajua kwa moyo. Atakusimamisha katikati ya miiba, anyooshe kidole, "lami inapita pale, bosi, na hiki mpaka jioni kitakuwa kimeshaondoka." Mimi huwa namuuliza jambo moja tu: "Kaka, hapa maji wanachota wapi?" Jibu karibu kila mara ni "maji yanakuja."

Kwa anayeanza, naona bora aanze na nyumba ya kupangisha kuliko ardhi ya kushikilia mpaka ipande bei. Kushikilia ni kazi ya mwenye hela zilizolala. Isitoshe, hati nyingi za viwanja vilivyopimwa zinakutaka uendeleze ndani ya miezi 36, na kodi ya ardhi inadaiwa kila mwaka uwe umejenga au hujajenga. Nyumba ya kupangisha hata ikiwa ndogo inakufundisha mapema, na inakulipa huku unajifunza.

Sasa wapangaji wako wapi? Wanafunzi wa UDOM wanatafuta vyumba Makulu na Ng'hong'hona, wanakubali chumba kidogo, ila chuo kikifungwa unabaki na funguo. Watumishi wanapenda Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu; wanataka sehemu ya gari, ukuta na choo ndani. Wafanyabiashara wadogo na mafundi wako Chang'ombe na Nkuhungu, wanalipa mwezi kwa mwezi na wanajuana. Halafu kuna wa Bunge. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na kipindi hicho nyumba za wageni zinajaa mpaka watu wanalala mbali na mji. Anayekuja Mei kuuliza bei anarudi na hesabu nono. Aje tena baada ya Bunge kuahirishwa aulize bei zilezile.

Maji nitayasemea zaidi, maana ndiyo yanayomfukuza mpangaji Dodoma. Hii ni nchi kavu. Mvua zinaanza Desemba na kufikia Aprili zimekwisha, mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, na mgao ni jambo la kawaida. Mpangaji anayetoka Dar anaingia, anapita marumaru bila kuzitazama, anaenda moja kwa moja kufungua bomba. Kwenye vyumba vyangu nilimaliza kwanza tanki la chini ya ardhi, pampu na simtanki juu ya mnara, dari ikasubiri. Fundi alinishangaa, lakini wapangaji wangu hawahami hovyo.

Umeme nao uwe na mita ya kila mpangaji. LUKU moja kwa familia tatu ni ugomvi wa kila siku: huyu ana friji, yule anapiga pasi za watu, wa tatu anasema yeye anawasha taa tu. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ukiwa na mita kadhaa kwenye nyumba moja, hakikisha hukatwi mara kadhaa, na mweleweshe mpangaji mapema nani anabeba makato hayo.

Tuje kwenye karatasi. Kiwanja kilichopimwa kina namba ya kiwanja na jina la kitalu. Chukua nakala ya hati, peleka ofisi ya ardhi ya jiji, lipia upekuzi, wakuambie kiko kwa jina la nani, kina rehani ya benki au zuio la mahakama. Dodoma karatasi zina vizazi. Kuna za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyosimamia ardhi ya mji huu tangu 1973 mpaka ilipovunjwa Mei 2017, kuna za Manispaa, kisha za Jiji kuanzia 2018. Ukiletewa ya CDA, uliza kama imeshabadilishwa kuwa hati, na kama anayeuza ndiye huyo aliyeandikwa. "Mjomba alininunulia" ni maneno ya sebuleni.

Baada ya karatasi, miguu. Nenda na mpimaji wako mwenyewe, siyo wa muuzaji, atafute bikoni zote: kile kizege kidogo chenye chuma katikati na namba juu. Namba zifanane na za kwenye ramani ya upimaji. Watu wameonyeshwa kiwanja cha tambarare wakauziwa cha jirani chenye mwamba. Ukiwa hapohapo pima na barabara, kwa sababu hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na fremu ya duka iliyo ndani ya hapo ipo siku itawekewa alama ya X.

Na jirani usimpite. Salimia kwanza, "mbukwa" ya heshima inatosha kufungua mazungumzo hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Mara moja, upande wa Nala, upekuzi ulikuwa safi kabisa. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anapepeta karanga, "Mama, hiki cha nani?" Akanijibu bila kuinua macho: "Cha marehemu. Watoto bado hawajaelewana." Jina kwenye hati lilikuwa sahihi, ila mwenye jina alishazikwa. Kwa hali kama hiyo unadai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na ndugu wote wajue. Kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini ridhaa. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo.

Mashamba ya eka nitayapita haraka, kwa kuwa simshauri anayeanza. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia tu kwamba mliuziana, haukupi umiliki. Upimaji ukija, sehemu ya eka yako itaenda kwenye barabara na huduma. Na kama ni ardhi ya kijiji, kuna Halmashauri ya Kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, siyo mzee mmoja chini ya mbuyu.

Hesabu ifanyike kabla ya msingi kuchimbwa. Tuseme kiwanja na nyumba vimekula milioni 40, na unapangisha kwa laki tatu. Kwa mwaka ni 3,600,000. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, inabaki 3,300,000. Toa kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye pango, ya asilimia 10, ambayo ni 330,000. Toa matengenezo, weka 270,000. Umebaki na 2,700,000, kwa hiyo hela yako inarudi karibu mwaka wa 15. Linganisha na hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, halafu amua. Mimi bado napenda nyumba, kwa sababu kiwanja chini yake nacho kinapanda, lakini anayekwambia inarudisha hela ndani ya miaka mitatu anakuuzia kitu.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nipende kuanza na vyumba vichache vyenye choo ndani, au kununua boma, yaani nyumba isiyoezekwa, la mtu aliyekwama kwenye lenta. Yeye anahitaji hela, wewe unaona msingi na kuta kwa macho. Mlete fundi asiyemjua muuzaji auchimbue msingi pembeni. Usimalize akiba yote kwenye ununuzi. Kupaua na madirisha ndiko kulikomkwamisha yeye.

Na kama unaishi Dar, usinunue kwa picha za WhatsApp. Treni ni mwendo wa kama saa nne tu. Njoo mara ya kwanza wakati wowote, ila kabla hujalipa njoo tena Januari, mvua ikiwa imenyesha usiku. Makorongo ya Dodoma wakati wa kiangazi ni mchanga mweupe mkavu, watoto wanacheza mpira ndani yake, na dalali anaweza kukuambia ni njia ya mtaa. Januari utaona maji yanapita wapi, na kama gari linafika kwenye kiwanja chako.