Bati Halikuwa Likivuja: Karatasi ya Chini ya Paa na Jinsi ya Kuitandika

Kwa misimu miwili ya baridi nilimlaumu fundi wangu bure. Dari ya jipsamu ya nyumba yetu ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ilikuwa ikitoa madoa ya rangi ya chai mwezi wa saba, tena katika wiki ambazo hayakudondoka hata manyunyu, na kila nilipomwita fundi alipanda, akakaza misumari, akapaka lami kwenye vichwa vyake, kisha akashuka akisema, "Mama, sasa halivuji." Hakudanganya. Alfajiri moja nilipanda mwenyewe na tochi kupitia tundu la dari, nikapitisha kiganja upande wa chini wa bati, kikarudi kimelowa chapachapa. Matone yalikuwa yamejipanga kando ya kila papi (ubao unaopigiliwa bati) kama shanga, na mbao zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa inayoligusa, na mvuke unaopanda kutoka jikoni, bafuni na hata katika pumzi za waliolala hugeuka maji unapolifikia. Ndugu zangu wa tambarare, upande wa mashamba ya miwa ambako usiku hauna baridi kama yetu, walinicheka nilipowaeleza.

Tulipopaua upya nilinunua karatasi maalumu ya kutandikwa chini ya bati, inayozuia maji lakini inaruhusu mvuke kupita. Usikubali kuuziwa badala yake nailoni nyeusi ya msingi: kwa kuwa haipitishi mvuke, unyevu hukwama chini yake na kuidondokea dari ileile uliyotaka kuiokoa. Karatasi ya aina inayong'aa hupunguza joto la mchana, ila iwe na nafasi ya hewa kati yake na bati. Ikigusana nalo, mng'ao wake hauna kazi.

Fundi wa pili alitaka kuanzia kwenye kofia, yaani kileleni mwa paa, kwa sababu ni rahisi kuibingirisha karatasi kushuka. Nilikataa. Karatasi huanzia chini, kwenye gata (mfereji wa maji ukingoni mwa paa), ikilazwa kwa upana wa paa, na kila mstari wa juu ukilalia ule wa chini kwa sentimita 15 hivi, ili tone linaloshuka lisipate mwanya. Hutandikwa juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kabla ya papi kupigiliwa, nayo isivutwe ikakaza kama ngozi ya ngoma, bali ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Ikikazwa, kila papi huwa boma dogo linalozuia maji yasiteremke. Palipochanika kwa kiatu au nyundo pazibwe siku hiyohiyo, na bati lifuate mapema, kwa kuwa jua huichosha karatasi.

Wengi huharibu mwishoni, ukingoni mwa paa. Karatasi hukatwa ikaishia nyuma ya fisha bodi (ubao unaofunika ncha za kenchi) kwa kuwa haionekani, maji yote yakatuama hapo, na baada ya miaka michache ncha za kenchi zikaoza huku dari ikiwa safi kabisa. Ni lazima ivuke fisha bodi na kuingia ndani ya gata. Mimi nilisimama chini nikikagua upande mzima, fundi akininung'unikia kwamba namchelewesha.

Sasa, asubuhi za baridi, ndoo iliyo chini ya bomba la gata hukutwa na maji wakati ua wote ni mkavu.