Goti limeumia jeshini, masomo yanayumba, na Katuba wanangoja pesa

"Jambo mama. Mimi ni mtoto wa Katuba, hapo Lubumbashi, nina miaka 22. Nilibahatika na lotari ya viza nikaingia Marekani, na miaka miwili iliyopita nikajiandikisha katika jeshi lao la akiba, Army Reserve, kwa mkataba wa miaka sita. Ni wikiendi moja kila mwezi na majuma mawili kwa mwaka. Kwa njia hiyo nimepata na uraia. Mchana nasoma uuguzi, usiku nilikuwa nabeba maboksi ghalani. Mwezi wa saba, tukitembea na mizigo mgongoni, goti langu la kuume likageuka. Nilimwambia sajenti, akasema niweke barafu. Sikuandika kitu. Mwezi wa nane lilikuwa limevimba, sikwenda mafunzoni, nilipiga simu tu. Mwezi huu mtihani uliangukia wikiendi ileile, nikachagua mtihani. Ghalani wameniachisha kazi maana siwezi kubeba. Sasa kikosi kimeniletea barua kwamba nimekosa bila ruhusa, na naona haya kurudi kule nikichechemea.

Nyumbani natuma dola 250 kila mwezi: nyumba, bunga (unga wa ugali), na minervali, ile ada ya chuo, ya mdogo wangu. Miezi miwili hii nimekopa kwenye kadi ya benki ndipo nitume. Baba alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akatoka na wale wa mwaka 2003, mwaka niliozaliwa, na alishafariki. Mama ameniambia kwamba mwanajeshi wa Marekani hawezi kukosa pesa. Je, niache masomo nitafute kazi mbili, ama niache jeshi nisirudi tena?"

Mwanangu,

Usiache masomo, na kule jeshini usipotee. Unataka kuacha kimoja kwa sababu umechoka, nakuelewa kabisa, lakini vyote viwili bado vinaokoka. Deni halikunitisha sana katika barua yako. Kilichonitisha ni maneno mawili: "sikuandika kitu" na "nisirudi tena". Nchi uliyopo inaendeshwa kwa karatasi. Ulichomwambia sajenti pembeni ya barabara, goti likikuuma, ni kana kwamba hukusema, mpaka kiwe kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi.

Tuanze na kikosi, kwa sababu hapo muda umebaki kidogo kuliko unavyodhani. Wewe unahesabu kwamba umekosa mara mbili. Wao hawahesabu hivyo. Wikiendi moja ya mafunzo ni vipindi vinne: viwili Jumamosi, viwili Jumapili. Kwa hiyo wikiendi mbili ni vipindi vinane. Kanuni yao inasema anayekosa vipindi tisa bila ruhusa ndani ya miezi kumi na miwili anaandikwa kuwa hatimizi wajibu wake. Kama zile mara mbili zote zimeandikwa bila ruhusa, umebakiza kipindi kimoja. Asubuhi moja tu.

Na ukivuka hapo? Unaweza kushushwa cheo, unapoteza haki ya msaada wa masomo wa wanajeshi wa akiba, na unaweza kutolewa jeshini kwa karatasi mbaya. Hiyo karatasi, kwako wewe uliyepata uraia kwa mlango wa jeshi, ni hatari ya aina nyingine. Sheria yao inaruhusu serikali kumvua uraia mtu wa namna yako akitolewa jeshini kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajafikisha jumla ya miaka mitano ya utumishi mwema. Wewe una miwili. Sisemi watakuja kuuchukua kesho. Nasema ukiacha kwenda kimyakimya utakuwa umewapa sababu kwa mkono wako mwenyewe, na mama yako hawezi kuipata Katuba nzima pesa ya wakili wa kesi kama hiyo.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, mwandikie sajenti wako na ofisi ya kikosi kwa imeli. Usipige simu. Umeshapiga, na umeona ilikofikia. Andika tarehe uliyoumia, mlikuwa mnafanya nini, nani alikuwa karibu, ulimwambia nani, alijibu nini. Andika tarehe uliyopiga simu mwezi wa nane. Simu yako ina kumbukumbu ya hiyo namba na saa, piga picha uitume. Weka na ratiba ya mtihani yenye jina la chuo. Kisha omba mambo mawili waziwazi: wikiendi ya mwezi wa nane ihesabiwe kuwa ya ruhusa kwa sababu ya ugonjwa, na ile ya mtihani upangiwe siku nyingine ya kuifidia. Kamanda ndiye anayeamua, anaweza kukataa. Ruhusa ya mtihani ilitakiwa iombwe mapema, na ratiba ya muhula ujao utawapelekea siku ileile unapoipokea chuoni. Lakini kamanda mwenye barua yako mezani na kamanda asiyejua hata kama uko hai hawatoi uamuzi mmoja.

Hiyo haya ya kuchechemea iweke chini. Mwanajeshi aliyeumia hupewa na daktari karatasi inayosema asikimbie, asibebe mzigo, asiruke, kwa muda fulani. Ukiwa nayo unakwenda, unasaini umefika, unakaa kwenye meza kupanga mafaili au kuhesabu vifaa, na vipindi vyako vinne vinaingia kitabuni sawa na vya aliyekimbia kilomita kumi. Malipo nayo unayapata. Ulidhani unahitaji goti zima ili uhudhurie. Hapana, unahitaji kuhudhuria ili goti lipate kutibiwa.

Hapo ndipo penye pesa ambazo hujaziomba. Kuumia kwako kulitokea ukiwa kazini kwao. Kwa hilo wana faili linaloitwa Line of Duty, linalothibitisha kwamba aliyeumia alikuwa katika utumishi. Kwa jeshi la nchi kavu linaanza na fomu DA 2173: daktari anajaza sehemu yake, kikosi kinajaza yake. Faili hilo likikubaliwa, jeshi linagharamia matibabu ya hilo goti. Bila faili, goti ni lako peke yako. Usingoje sajenti akumbuke. Sema kwa maneno haya: naomba Line of Duty ifunguliwe kwa ajali ya mwezi wa saba. Nenda kwa daktari juma hili hata kama ni wa zahanati ya chuo, akuandikie alichokiona, na umwambie lilianza lini na wapi, maana atakachoandika ndicho kitakachosomwa. Tafuta wenzako wawili waliokuwa kwenye ule mwendo, kila mmoja aandike mistari mitano ya aliyoyaona kwa macho yake. Fanya haraka. Maombi ya namna hii yana muda wake, na kila mwezi unaopita unampa mtu nafasi ya kusema uliumia ghalani.

Ndiyo, ghalani. Na hapo nikuambie jambo ambalo askari vijana wengi hawaambiwi. Mwanajeshi wa akiba aliyeumia kazini, kisha akapoteza mshahara wake wa kiraia kwa sababu ya hilo jeraha, anaweza kuomba alipwe na jeshi sehemu ya kile alichopoteza, bila kupita mshahara kamili wa cheo chake. Wanayaita malipo ya Incapacitation. Yanategemea lile faili, hayaji haraka, na yanataka ushahidi: karatasi zako za mshahara za miezi ya nyuma, barua ya ghalani ya kukuachisha, maneno ya daktari kwamba huwezi kubeba. Kama ghala lilikuachisha kwa mdomo, waombe waandike. Hata mstari mmoja.

Masomo sasa. Usiache ghafla, usije ukaongeza deni badala ya kupunguza. Kama unasoma kwa msaada wa serikali kuu, mwanafunzi anayeondoka kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula anaweza kudaiwa sehemu ya pesa hiyo. Mwone mshauri wa wanafunzi, mwambie umeumia, uliza kama somo la kusimama hospitalini linaweza kusogezwa muhula ujao huku ukiendelea na yale ya kukaa darasani. Halafu ofisi ya wanafunzi wanajeshi, karibu kila chuo cha huko kinayo. Uliza juu ya GI Bill ya jeshi la akiba, ndio ule msaada wa masomo niliokutajia juu. Wewe uliyetia sahihi miaka sita ukamaliza mafunzo ya mwanzo, ndiwe waliyekuwekea. Inaingia kila mwezi mkononi mwa mwanafunzi mwenyewe, zaidi ya dola 400 kwa anayesoma muda wote, hadi miezi 36. Hukuitaja popote katika barua yako, nami nahofu hujaiomba. Karatasi ya kuthibitisha haki yako inatoka kikosini, kwa hiyo unaona kwa nini nimeanza na kikosi.

Nimebakiza Katuba, na huku ndiko ninakojua vizuri zaidi.

Mama yako akisikia mwanajeshi wa Marekani, anaona mtu wa mshahara wa mwezi mzima, nyumba na chakula bure. Hakuna aliyemwambia vingine. Wewe unalipwa vile vipindi vinne, kila kimoja ni sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa mwezi. Kwa cheo cha chini, hiyo ni dola 300 na kitu, ama 400, kabla ya kodi, mara moja kwa mwezi. Ukitoa 250 za kutuma, unabaki na nauli na mkate. Hizi hesabu mama yako anaziweza kuliko wewe. Amekulea mjini hapa baada ya ule mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipotoka Gécamines na bahasha ya mara moja badala ya mshahara wa kila mwezi. Anaijua pesa iliyokatika, alipika bukari, ugali wetu, bila hiyo. Asichokijua ni kwamba yako imekatika, kwa sababu kila mwezi inafika.

Na hapa nakukaripia kidogo kama mama. Ulikopa kwenye kadi yenye riba ili Katuba wasijue. Hilo ni pendo, sikatai. Lakini umemnyima mama yako nafasi ya kukuhurumia, na umempa mdogo wako sababu ya kukaa akingoja. Mpigie Jumapili baada ya misa, mdogo wako akiwa amekaa hapo hapo, na useme hivi: "Mama, niliumia goti jeshini mwezi wa saba. Kazi ya usiku imeisha. Jeshi linanilipa siku mbili tu kwa mwezi. Miezi miwili hii nilikopa ili nitume. Kuanzia mwezi ujao nitatuma dola 80 mpaka faili langu la matibabu litoke, nazo ni za nyumba na bunga. Minervali tuitafutie njia pamoja." Kisha nyamaza, umwache aseme. Atalia kidogo. Pengine atakasirika kwamba ulimficha. Usijibu kwa kuahidi zaidi.

Kama 80 ni nyingi, sema 50. Taja kiasi ambacho hutakopa ili ukitimize.

Kwa mdogo wako nina neno pia. Mwanafunzi wa chuo kikuu Lubumbashi anaweza kwenda kwenye ofisi ya chuo kuomba alipe minervali kwa vipande, na anaweza kuuza uniti za simu kando ya barabara siku za jioni, wengi wanafanya hivyo na wanamaliza. Aende yeye mwenyewe kuomba, usimwombee kutoka ng'ambo. Mjomba au shangazi mwenye kazi aambiwe naye, maana mtoto wa marehemu baba yenu si wako peke yako.

Tena usibaki na haya yote kichwani. Kikosini kuna padri au mchungaji wa jeshi, na utakachomwambia kwa siri hawezi kulazimishwa kumwambia kamanda. Iko pia huduma ya simu inayoitwa Military OneSource, bure kwa wanajeshi wa akiba hata wasipokuwa wameitwa kazini, saa yoyote: inakupa mtu wa kuongea naye, na mwingine wa kukaa nawe kwenye hesabu ya lile deni la kadi. Waulize wakupangie malipo kabla riba haijapanda tena.

Imeli kwa kikosi usiku huu, daktari juma hili, mama Jumapili. Nakala ya kila karatasi ibaki kwako, kwenye simu na kwenye bahasha. Kikosi kikikujibu, kwa ubaya au kwa uzuri, nitumie jibu lao nilisome, nitakuandikia tena.