Re: Kasa ametaga mchangani nyuma ya nyumba yetu Shanzu, nifukue mayai niyaweke mahali salama?

Dadangu usifukue kabisa! Najua unaogopa mbwa na wale jamaa wanaokula mayai, lakini yai la kasa likishakaa masaa kadhaa mtoto ashajishika pale juu ndani ya ganda, ukiligeuza tu umemuua, hata ukiwa na nia safi kama nini. Wapigie KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, wale wa Mombasa Marine Park, wakija wataangalia kama bahari ikijaa yafika pale, na kama kuna haja ya kuhamisha watahamisha wao manake kasa amelindwa na sheria, mayai yake pia.

Shimo moja huwa na mayai kama mia hivi na yanachukua karibu miezi miwili, kwa hivyo subira, na usiweke bendera ama alama kubwa hapo, utakuwa wawaonyesha wezi njia.

Kitu watu husahau ni taa. Zile sikuriti laiti zinazomulika bichi zizimwe ama mzigeuzie ukutani, vitoto vikitoka usiku hufuata kwenye mwanga, vyadhani ndio bahari, mara umevikuta barabarani vimekanyagwa na tuktuk. Na wakitoka msiwabebe kuwapeleka majini jamani, waacheni watembee wenyewe, fukuzeni kunguru tu.

Halafu mama mtu anaweza kurudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, mkimuona msimpige picha na flashi, atageuza arudi zake bila kutaga.