Kabla hujafungua Takadini darasani

Nilifundisha Kiingereza kwa miaka sita katika shule ya kata moja huko Kanda ya Ziwa. Mwaka wangu wa pili nilipewa kidato cha tatu: wanafunzi 78, nakala 5 za Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo wengi waliopita sekondari Tanzania wanaijua. Waliobaki walikuwa na vitini vya dukani, vile vya kurasa chache vyenye majibu yaliyokwisha kutafunwa: mila potofu, mapenzi ya mama, ubaguzi, basi. Ikabidi tusome kwa sauti, mmoja akisimama, wengine wakisikiliza.

Katika hao 78 alikuwemo binti mmoja mwenye ualbino.

Tulikuwa mwanzoni kabisa. Sekai, aliyekaa miaka mingi bila kupata mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino, ambaye kwa desturi ya kijiji chake hatakiwi kuishi. Anampa jina Takadini, yaani "tumefanya nini?", halafu anatoroka naye usiku. Msomaji alinyamaza ili afunue ukurasa, na kwenye kile kimya, dawati la nyuma, mtu akasema taratibu: "Dili."

Nusu ya darasa ikacheka.

Kwa asiyelijua neno hilo: dili ni biashara ya kuingiza pesa ya haraka, na mtu mwenye ualbino huitwa hivyo kwa sababu wapo waliomfanya bidhaa ya waganga. Watu wameuawa kwa imani hiyo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na watoto wengi wakapelekwa kulindwa Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi. Mei 2024, wengi wetu tukidhani yameshapita, mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa kutoka kwa mama yake wilayani Muleba, na mwili wake ukapatikana Juni. Kwa hiyo kijana wa nyuma hakuwa anatania kuhusu rangi. Alikuwa anamkumbusha mwenzake kwamba ana bei.

Na mimi nilifanya nini? Nikamgeukia yule binti. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya huruma ya Kiingereza cha chuo, asimame awaeleze wenzake anavyojisikia akiisoma hadithi hii. Niliona ni ualimu wa hali ya juu. Alisimama, akaangalia dawati lake, akasema, "Najisikia kawaida, Madam," akaketi. Siku tatu zilizofuata hakuja shule.

Nilimfuata kwao siku ya nne. Mama yake alinikaribisha vizuri tu, akanipa kigoda, akamwita. Tulikaa kimya kidogo. Kisha binti akasema maneno ambayo mpaka leo nikiandaa kipindi chochote nayasikia: "Madam, nyie mnasoma dakika 80. Mimi nasomwa mpaka jioni, njia nzima ya kurudi nyumbani."

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kama una kitabu cha kufundisha kinachohusu kuonewa, na darasani yumo anayefanana na yule anayeonewa kitabuni, zungumza naye kabla. Faraghani. Mwambie kitabu kinahusu nini, muulize angependa kukaa wapi siku hizo, na kama yapo maneno ambayo asingependa yasomwe kwa sauti. Wangu aliniomba kitu kimoja tu: nisimtaje wala nisimtazame. Nilikuwa sijui kama namtazama. Kumbe kila likija neno "albino" macho yangu yalikuwa yanaenda kwake, na macho ya wenzake 77 yanafuata ya kwangu.

Nilimwahidi, na nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza Takadini alijisikiaje, nikauliza waliosimama pembeni walifanya nini. Yupo Nhamo, mtoto wa mkubwa wa kijiji, anayempiga. Sawa, huyo tumemjua. Lakini Takadini hakuonewa na Nhamo peke yake. Wapo waliomkataza mtoto wao asicheze naye, wapo walionyamaza. Niliwapa karatasi wasiandike majina: umewahi kumcheka mtu na hukutaka? Kwa nini ulicheka? Zilirudi karatasi nyingi kuliko nilivyotarajia, nyingine mistari miwili kwa Kiswahili, nikazipokea hivyo hivyo ingawa kipindi ni cha Kiingereza. Wengi waliandika sababu ileile kwa maneno tofauti: nisipocheka, kesho zamu yangu. Mmoja aliandika kwamba anaitwa "Mrundi" tangu darasa la tano na kwamba siku mtu mwingine anapochekwa yeye hupumzika.

Wiki hiyohiyo walikuwa wanasoma Apartheid kwenye Historia. Wanakariri sheria za makaburu vizuri kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeunganisha, na sikumlaumu mtu, kwa sababu sisi wenyewe tumewafundisha kwamba ubaguzi wa rangi ni jambo la wazungu.

Yule kijana wa "dili" nilimpata baadaye. Fimbo nilikataa, si kwa upole, ila nilijua atakayelipa deni la fimbo hizo njiani ni yule binti. Nilimkalisha nikamuuliza neno lile amelitoa wapi. Kijiwe cha bodaboda. Anajua maana yake? Akasema ni utani. Nikamwambia aniambie maana yake kwa sentensi nzima, yenye mtendaji na kitendo: nani anamfanya nani nini. Alianza mara tatu, akashindwa kuimaliza. Hapo nilifanya kosa la pili: nikaamua wakae dawati moja, wapatane. Binti akanifuata ofisini. "Madam, adhabu hii ni yake au yangu?" Nikamrudisha kijana mahali pake siku hiyohiyo. Tafadhali usimfanye aliyeumizwa kuwa dawa ya aliyemuumiza.

Sasa yapo mambo ambayo hayamo kitabuni na yanaumiza kila siku bila mtu kutukana. Uoni hafifu kwanza. Ualbino unagusa macho tangu mtoto anakua tumboni, na miwani haimalizi tatizo. Mwanafunzi akisogea mpaka ubaoni kunakili, si mtundu. Soma kwa sauti unachoandika, mwache akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha. Mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, hutolewa kwa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, lakini ni lazima shule iseme mapema wakati wa usajili. Sisi nusura tusahau. Halafu jua. Shule yetu ilikataza kofia kwa sababu si sare, na tunasimama paredi saa moja nzima. Kofia pana na mikono mirefu kwa ngozi ile si urembo, ni kinga ya saratani. Hospitali ya KCMC pale Moshi hutengeneza mafuta ya kinga, Kilisun. Uliza hospitali ya wilaya au Chama cha Watu Wenye Ualbino wakuelekeze.

Kwa mzazi: njia ya shule ndiyo darasa gumu. Tafuta wenzake wawili au watatu wa kutembea naye, na jueni nani huwa anawasalimia njiani na kwa nini. Mtoto akisema kuna mtu anamfuata, usisubiri uhakika. Mwenyekiti wa kitongoji, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu 116 ya watoto, ambayo ni bure.

Na wewe unayeonewa, sina maneno makubwa. Mwambie mtu mzima mmoja, akikupuuza mwambie wa pili. Mimi nilikuwa mtu mzima wa kwanza na nilikupuuza kwa kukusimamisha mbele za watu.

Tulimaliza riwaya mwezi wa tisa. Siku ya mwisho nilikuwa nahitimisha: Takadini amemwoa Shingai, wamepata mtoto, na mtoto hana ualbino, mambo yamekuwa mema. Mkono ukanyooshwa mbele. Sikumtazama mapema, nilisubiri mpaka wa pembeni aniambie kuna mkono.

"Madam, kwa nini mwandishi amempa mtoto mweusi? Angezaliwa kama baba yake, mwisho usingekuwa mzuri?"

Kijana mmoja akasema ni baiolojia tu, kama mama hana vinasaba hivyo mtoto hawezi kuzaliwa nao. Binti akamjibu kwamba baiolojia anaijua, anauliza kuhusu mwandishi. Mwingine akadakia kuwa wasomaji wangehuzunika. "Wasomaji gani?" akauliza. Kengele ikalia, mwalimu wa Hisabati akasimama mlangoni na chaki zake, na hakuna aliyenyanyuka.