Jibu: nitajuaje radi ya leo itakuja na mawe au upepo wa kuezua paa?

Mkuu umeuliza mbona apu ya simu inakuandikia radi asilimia 60 karibu kila siku, alafu siku ya mawe na upepo wa kuezua paa nayo inaandika 60 hiyohiyo. Ile asilimia inaongelea mvua kunyesha au kutonyesha basi, ukali haumo kabisa. Mimi nimekaa zamu za utabiri miaka mingi na asubuhi wala sianzi na mvua, naanza na vipimo vya puto, lile linalorushwa saa 00 na 12 za UTC (saa ya kimataifa) na kifaa cha kupima joto, unyevu na upepo kuanzia ardhini mpaka huko juu.

Cha kwanza ni nguvu ya hewa kupanda. Kuna namba inaitwa CAPE, ni juli kwa kila kilo ya hewa, ikivuka 1000 nakaa macho, ikienda 2500 na zaidi hapo kuna mzigo. Wengi wanaishia hapo na ndo wanapotea, maana unaweza kuwa na 3000 na jioni mkalala bila tone, kwa sababu juu kidogo kuna tabaka la hewa ya joto limekaa kama mfuniko wa sufuria na hewa ya chini haipenyi. Ila jua likilishinda saa tisa alasiri, vyote vilivyobanwa tangu asubuhi vinatoka kwa mkupuo.

Alafu naangalia upepo wa ardhini umetofautiana kiasi gani na ule wa kilomita 6 juu. Usipotofautiana, mvua inaangukia palepale hewa inapopandia na wingu linajiua lenyewe, mara nyingi hata saa halimalizi. Tofauti ikifika mita 20 kwa sekunde hivi mvua inaangukia pembeni, wingu linaweza kuanza kuzunguka na kuishi masaa, hilo ndo supaseli na mawe makubwa kwelikweli yanatoka humo. Lile lililookotwa Vivian, South Dakota, Julai 2010 lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880, sasa fikiria hewa inapanda kwa kasi gani mpaka inabeba kitu kile. Angalia pia joto linafika nyuzi sifuri kwenye kimo gani, ikiwa juu sana mawe madogo yanayeyuka njiani unabaki na matone makubwa ya baridi, ndo maana nyanda za juu zinapigwa mawe kuliko pwani.

Upepo ni habari nyingine, usichanganye. Siku ya upepo mbaya inaweza isiwe na jiwe hata moja na CAPE ya kawaida tu. Hapo natafuta ukavu: mvua inapita kwenye hewa kavu, inageuka mvuke kabla ya kufika chini, hewa inapoa inakuwa nzito inaporomoka, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Mtafiti wa dhoruba Ted Fujita ndo alikuja kuielezea vizuri baada ya ndege ya shirika la Eastern, safari namba 66, kuanguka New York Juni 1975 ikiwa inatua. Kwenye chati ya puto mstari wa joto na wa umande (joto ambalo mvuke unaanza kuwa maji) inaachana sana chini alafu inakutana juu, V iliyopinduliwa, na nikiiona hiyo nawapigia watu wa uwanja wa ndege hata kama mbinguni bado kweupe. Kwa macho utaona mapazia ya mvua yameishia hewani chini ya wingu, na vumbi linanyanyuka kabla hujaona tone.

Mengine ni ya rada na ni ya dakika, sio ya asubuhi. Mwangwi wa 60 dBZ (kipimo cha nguvu ya mwangwi unaorudi kwenye rada) ukiwa juu huko kwenye ubaridi wa nyuzi -20, waza mawe. Msururu wa mawingu ukijipinda kama upinde, upepo mkali kwa kawaida uko pale palipotuna. Asubuhi nitakwambia eneo na masaa, mtaa gani hapana, na anayekutajia mtaa toka jana anabahatisha.

Ukipata chati ya puto ya karibu na ulipo iweke hapa tuisome, ila usiikate juu, watu wanapenda kukata alafu upepo wa kilomita 6 hauonekani.