Kupika tambi bila maji mengi ya moto

Ndugu, umeuliza kama tambi zinaweza kuiva bila sufuria kuchemka muda wote. Zinaweza, kwa sababu wanga wake huanza kuvimba na kulainika kabla maji hayajafikia nyuzijoto 100. Mwaka 2022, gesi ilipopanda bei Italia, mwanafizikia Giorgio Parisi, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021, aliunga mkono njia ya kuzima moto mapema na kuiacha sufuria imefunikwa ili tambi zimalizike kuiva kwa joto lililobaki.

Hata hivyo, ninayoipenda kwa dhati ni njia ya pwani yetu: vunja tambi nyembamba, zikaange kwa samli hadi ziwe rangi ya hudhurungi, kisha mimina tui la nazi pamoja na sukari na iliki, funika, na upunguze moto hadi tui likauke. Hapo hakuna maji ya kumwaga, na kule kukaanga kwanza ndiko kunakozisaidia zisigandamane na kunakozipa harufu ambayo maji matupu hayawezi kuitoa. Usizikoroge mara kwa mara, kwani zitavurugika.