Muhlenberg hakuikusanya mimea yote mwenyewe

Umeuliza, ndugu, kama Muhlenberg aliikusanya mwenyewe mimea yote ya orodha yake. Hapana, mimea iliyomo katika orodha ya mimea ya Amerika Kaskazini aliyoitoa Henry Muhlenberg mwaka 1813 haikukusanywa yote na yeye, kwani alikuwa mchungaji wa Kilutheri mjini Lancaster, Pennsylvania, na mengi aliyoyajua kuhusu mimea ya mbali yalimfikia kwa barua. Ushahidi ulio wazi zaidi ni mawasiliano yake na William Baldwin, daktari aliyehamia Georgia kwa ajili ya afya yake, ambaye alimpelekea vielelezo vya mimea vilivyokaushwa pamoja na habari za mimea hiyo, naye Muhlenberg akamjibu kwa majina na maoni. Stephen Elliott wa South Carolina pia aliandikiana naye.

Vitabu pia vilihitajika sana ili kuitambua mimea hiyo, maana kipimo cha wakati huo kilikuwa flora (kitabu kinachoeleza mimea ya eneo fulani) ya mtaalamu wa mimea Michaux, iliyochapishwa Paris mwaka 1803, na ile ya Pursh, mtaalamu mwingine wa mimea, ilitoka London mwaka 1814, Marekani na Uingereza zikiwa bado vitani, wakati ambao kwa hakika haukuwa mwema kwa kuagiza vitabu.

Barua za Baldwin zinasomeka katika kitabu kiitwacho Reliquiae Baldwinianae, alichokitoa William Darlington mwaka 1843. Hata hivyo, kitabu hicho ni uteuzi tu wa barua, si mkusanyo kamili, kwa hiyo mmea usiotajwa humo usichukuliwe kuwa ni mmea ambao Baldwin na Muhlenberg hawakuwahi kuujadili.